Siku Niliyoshika Maikrofoni

Watu wakiniuliza nilisomea wapi kazi hii, mimi hubadilisha mazungumzo. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa: kibodi zilizomwagikiwa chai, printa zilizotupwa na ofisi, spika zenye kutu ambazo mtu alitaka kuwapa watoto wachezee. Mama yangu huuza viatu vya mitumba hapa Kitengela, na meza yetu ya kulia ndiyo iliyokuwa karakana yangu. Alikuwa akisogeza skrubu zangu kando kwa kiwiko ili aweke sufuria ya githeri, nami nilikuwa nikilalamika kwamba sasa sijui ipi ilitoka wapi. Alinijibu mara moja tu, na sijasahau. "Kama ni ya maana itajitafutia tundu lake."

Kwangu hakuna kitu kinachojitafutia tundu lake. Lazima nikitafutie mimi, halafu nihakikishe, halafu nihakikishe kwamba nilihakikisha. Nikifika nyumbani jioni na kuvua viatu ndipo huanza kujiuliza kama ile waya ya skana niliisukuma hadi mwisho. Kuna siku nimevaa viatu tena na kurudi. Sisemi haya ili nisifiwe. Inachosha, na inawachosha wanaoishi nami.

Nafanya kazi katika saiba, chumba cha kompyuta na intaneti ya kulipia, nyuma ya duka la mabati na saruji. Mwenye saiba ni mama mmoja mchangamfu ambaye hajawahi kuhakikisha chochote maishani mwake na bado mambo yake huenda. Yeye huwapokea wateja, mimi hushughulikia mashine. Kompyuta zenyewe hazina matata sana. Matata yako nje yake, kwenye vile vitu vinavyochomekwa. Malori ya kokoto yanapita barabarani siku nzima, na vumbi lake huingia kwenye kila tundu, likikutana na unyevu linakuwa kama ugali mkavu. Ninao mswaki wa zamani na chupa ndogo ya spiriti kwa kazi hiyo tu. Mtu akisema printa imekufa, kwanza nachomoa waya, nasugua, narudisha. Mara nyingi inafufuka, naye mteja ananiangalia kama aliyedanganywa.

Waya zote nimezifunga nyuzi za rangi. Nyekundu ni ya printa, kijani ni ya skana, buluu ni ya kamera. Mwenye saiba husema meza yangu inafanana na harusi ya Kimaasai. Ningejua siku moja utani huo ungenirudia, ningeusikiliza vizuri zaidi.

Siku moja mchana alikuja kijana wa bodaboda anayeegesha pale kona, mtu ambaye huwa namchapishia fomu. Hakuwa na fomu. Alisimama mlangoni akizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni.

"Fundi, niko na kazi ya nyanya yangu. Ako na kesi ya shamba huko Kajiado. Jaji amesema kesho wanaskiza kwa video. Wakili anataka tutafute mahali kuko na kompyuta poa, si simu."

"Kamera iko," nikasema. "Maikrofoni iko. Ni saa ngapi?"

"Asubuhi. Lakini fundi, skiza. Hii si kama zile zingine. Mara ya kwanza koko, huyu nyanya yangu, alikuwa mgonjwa. Mara ya pili tulijaribu na simu huko Bissil, network ikaenda. Jaji amesema kesho ndiyo mwisho. Asiposkika, anafunga bila yeye. Na hakuna shahidi mwingine. Wale wengine wote wamekufa."

Akanieleza kifupi. Kuna ardhi upande wa Bissil ambako bibi huyo aliletwa akiwa bibi harusi, akajenga nyumba yake kwa mikono yake na kuzaa watoto wake. Babu alikufa. Baadaye akaja mtu na hati, akasema babu alimuuzia wakati familia ilikuwa imeshahama hapo, na akaweka ua. Bibi anasema hawakuhama kamwe, kwamba ng'ombe wao walilala pale hadi juzi.

"Kwa hivyo ni sauti yake tu," nikasema.

"Ni sauti yake tu."

Heri asingenieleza. Kazi ambayo sijui uzito wake naifanya vizuri. Nikishajua uzito, mikono inaanza kutetemeka.

Kesho yake nilifika kabla ya mwenye saiba. Nilichagua kompyuta iliyo karibu na ukuta, ambako waya ya intaneti inaingilia, kwa sababu saiba yetu haina intaneti ya hewani, ni waya tu. Nilisafisha matundu yote. Nilijaribu kamera. Kisha nikatoa kwenye boksi lake maikrofoni yangu mwenyewe, ndogo kama punje ya harage, ile ya kubana kwenye nguo kwa kibanio, niliyoitamani muda mrefu kabla ya kuipata. Nikaibana kwenye kola ya shati langu. Nikawasha ile sehemu ya programu inayopunguza kelele za nje, ili malori yasiingie mahakamani. Nikavaa hedifoni, nikajirekodi: "Moja, mbili, hapa ni Kitengela." Nikasikiliza. Sauti ilikuwa safi kama ya redioni. Nikarudia nikiwa nimegeuka kushoto. Nikarudia kwa sauti ya chini, kama ya mtu mzee.

"Kitengela imesikia!" mwenye saiba alisema akiingia. "Wewe msichana, fungua mlango, watu wamesimama kwa jua."

Bibi alifika na mjukuu wake nikiwa chini ya meza, nikifunga waya isije ikavutwa na mguu wa mtu. Niliona kwanza viatu vyake vya mpira wa tairi, kisha pindo la shuka. Nikamsikia akisema jambo kwa sauti ya chini. Nikasema "Karibuni, karibuni, kiti ndicho hicho," bila kutoka.

Nilipotoka nilimwona vizuri. Alikuwa amevaa kikamilifu, kama mtu anayekwenda kuozesha mtoto. Shuka jekundu, mkanda wa shanga kichwani, mapambo marefu masikioni, na shingoni zile shanga pana za duara, moja juu ya nyingine hadi mabegani, zenye vipande vidogo vya bati vinavyoning'inia ukingoni. Hedifoni zisingeingia kichwani mwake hata kidogo. Nilifurahi kwamba nilikuwa nimelifikiria hilo. Nikaibana ile maikrofoni kwenye shuka, chini kidogo ya shanga, mahali ambapo hata kamera haikuiona. Ilikaa vizuri sana. Nikavaa hedifoni ili nisikie kila kinachoenda mahakamani, na yeye nikamwekea spika mezani.

Tulisubiri. Kwenye skrini kulikuwa na jaji, wakili wa bibi akiwa ofisini kwake Kajiado, wakili wa upande wa pili, na mkalimani wa Kimaasai. Kesi za wengine zilipita. Bibi alikaa kimya, mikono mapajani, bila kutikisika. Katika hedifoni sikusikia hata pumzi. Nikajipongeza.

Kisha akaitwa. Mkalimani akamwambia ainue mkono aape. Akainua mkono na kufungua kinywa, na masikioni mwangu ukaingia mkwaruzo, kama mtu anayekokota bati juu ya changarawe. Sauti yake ilikuwa ndani ya mkwaruzo huo, vipande vipande, kisha ikazimika kabisa.

"Mama hasikiki," jaji alisema. "Tunasikia kelele tu."

Bibi akanyamaza. Kelele ikanyamaza.

"Jaribu tena, mama."

Akasema. Ikarudi.

Wakili wake akaomba muda kidogo. Jaji alivua miwani. Hakuwa mkali. Alionekana mchovu kama mimi. "Nitasikiliza hawa wawili wanaofuata. Nikirudi kwa huyu mama na hali ikiwa hivi, nitafunga upande wenu. Nimeshasema hivyo kabla."

Nikazima maikrofoni kwenye programu na kuanza. Kwanza tundu. Nilichomoa plagi ya USB, nikasugua, nikachomeka katika tundu la nyuma. Nikajibana maikrofoni, nikajirekodi: moja, mbili, safi. Nikairudisha kwake. Mjukuu akamwambia aseme kitu. Mkwaruzo. Nikabadilisha adapta. Kwangu safi, kwake mkwaruzo. Nikazima feni. Nikachomoa printa kwenye umeme, ingawa mteja mmoja alikuwa katikati ya kuchapisha wasifu wake.

"Haiya! Karatasi yangu!"

"Pole, ndugu, ngoja kidogo."

"Ngoja nini? Niko na interview! Si mumpeleke tu huyo mama Kajiado, ni hapo tu!"

"Kajiado ni hapo tu kwa nani?" mjukuu akamjibu. "Na jaji hayuko Kajiado, ako kwa hiyo TV. Utamshika?"

Nikafunga programu nikaifungua upya. Nikatumia waya ya kurefusha, kisha nikaiondoa. Kila mara nilipojaribu mwenyewe, sauti ilikuwa safi. Kila mara nilipomrudishia, iliharibika. Tulijaribu hata simu ya mjukuu, lakini sisi tuko nyuma ya ukuta wa mabati, na picha iliganda kabla hata ya kuingia mahakamani.

"Fundi, kwani hii kompyuta haijui Kimaasai?" mjukuu aliuliza. Alijaribu kucheka. Jasho lilikuwa likimtoka.

Mwenye saiba alikuja akanong'ona, "Ngai, wewe, si ulisema uko tayari?"

Nilikuwa tayari. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakuna kitu ambacho sikukijaribu. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, hedifoni bado masikioni, na nikahisi ule uchovu ninaoujua, wa mtu aliyesukuma mlango siku nzima na mlango haukuwa na kitasa. Kwenye skrini kesi ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa imekwisha. Nilifikiria jinsi nitakavyomwambia. Nilifikiria kama kuna njia ya kusema pole kwa mtu aliyepoteza ardhi kwa sababu ya plagi.

Bibi akasema jambo kwa mjukuu, refu kidogo. Kijana akainamisha uso.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Achana nayo, fundi."

"Sema tu."

"Anasema tangu aingie humu hujamsalimia. Umemshika kifua, umemshika shuka, umemwinua kama mbuzi wa mnada. Anauliza kama alikuja kwa mtu ama alikuja kwa kiti."

Nikaona aibu hadi shingoni. Sisi tulikuja kutoka upande wa Murang'a, lakini mimi nilizaliwa hapa. Nimesoma na watoto wa Kimaasai, nimekunywa maziwa kwao. Najua mtoto humsalimia vipi mtu mzima. Nilijua hata siku ile. Ni vile tu nilikuwa chini ya meza.

Nikavua hedifoni. Nikainuka, nikaenda mbele yake, nikainamisha kichwa. Hakuharakisha. Aliniacha nimeinama kwanza, na nadhani nilistahili. Kisha akasogea mbele kwenye kiti na kuweka kiganja juu ya utosi wangu.

"Takwenya."

"Iko," nikajibu kwa Kimaasai.

Na hapo sikioni mwangu, karibu sana, bila waya yoyote, nikasikia bati likikokotwa juu ya changarawe.

Sikuinua kichwa. Salamu ilikuwa imekwisha lakini niliendelea kuinama, na bibi akamwuliza mjukuu kama nimepata ugonjwa. Alipouliza, mkono wake ukacheza, kifua kikapanda, na vile vipande vya bati vya shanga zake vikagongana tena.

"Ni shanga," nikasema.

"Nini?"

"Ni shanga zake. Hakuna kitu kimeharibika."

Asubuhi nzima nilikuwa nikiipima maikrofoni kwenye shati langu, shingo yangu ikiwa tupu. Bibi akikaa kimya, shanga zilikaa kimya. Akianza kusema, yeye ni mtu anayesema kwa mikono, na vipande vile vililia vidole viwili tu juu ya ile punje ya harage. Kwa masikio ya kawaida ni sauti ndogo ya kupendeza. Kwa maikrofoni ilikuwa radi. Na ile sehemu ya kupunguza kelele niliyoiwasha kwa bidii ilipojaribu kuifuta radi hiyo, iliifuta na sauti yake. Mtu yeyote mwenye masikio wazi mle ndani angeweza kulisikia jambo hilo. Mimi nilikuwa nimeyaziba yangu kwa hedifoni, nikisikiliza mashine.

"Koko, si utoe basi, ni dakika tu," mjukuu akamwambia, akaonyesha shingo.

Jibu lilikuwa kali na fupi, na safari hii kijana alicheka kweli. "Anauliza kama nataka aende kwa jaji uchi. Anasema yule mwenye hati ataonekana amevaa tai, na yeye aonekane kama mtu aliyefukuzwa kwao?"

"Asitoe," nikasema.

Lakini hakukuwa na mahali pengine pa kuibana. Ukingo wa shanga ulifika kila upande. Masikioni kulikuwa na mapambo. Sikuwa na kishikio cha mezani. Kilivunjika na nilikuwa nimekataa kukifunga kwa gundi kwa sababu kingekaa upande. Kwenye skrini wakili alikuwa akituita. Nikazima kile cha kupunguza kelele. Nikaichukua maikrofoni kwa vidole viwili, nikapiga goti kando ya kiti, nje ya jicho la kamera, nikanyoosha mkono hadi karibu na kidevu chake, juu ya shanga.

"Mama, unatusikia?" jaji akauliza.

Akasema kwa Kimaasai kwamba anasikia. Nikamtazama jaji. Akavaa miwani yake.

"Sasa tunakusikia. Mwapishe."

Sijui alisema kwa muda gani. Najua tu kwamba kwanza mkono ulichoka, kisha ukauma, kisha ukawa si wangu. Yeye hakukaa mahali pamoja. Akigeuka kwa mkalimani, niligeuka naye. Akiinama kuonyesha kwa vidole ukubwa wa jambo fulani, niliinama. Niligundua kwamba kabla ya kuinua mikono alikuwa akivuta pumzi, na nikajifunza kuvuta maikrofoni nyuma kidogo kwenye pumzi hiyo na kuirudisha. Ilikuwa kazi chafu, ya kukisia, isiyo na uzi wa rangi wala jaribio. Malori yalikuwa yakiingia yote mahakamani. Goti langu lilikuwa juu ya ile plagi ya printa niliyoichomoa.

Kimaasai changu ni cha sokoni, lakini mkalimani alikuwa akisema kwa Kiswahili, nami nikafuata. Wakili wa upande wa pili alimwuliza atathibitisha vipi kwamba hawakuhama. Je, ana karatasi? Bibi akasema hana karatasi. Akasema waende na jembe. Akasema pale penye zizi lao udongo ni mweusi, si mwekundu kama kwingine kote, kwa sababu ni samadi ya ng'ombe, tabaka juu ya tabaka, kutoka alipoletwa hadi ule ukame uliomaliza mifugo juzi. Akasema mtu akichimba atafika kiunoni na bado ni mweusi. Ng'ombe waliohama hawaachi samadi mbichi juu ya kuukuu. Jaji akaandika. Ulikuwa mwandiko wa polepole, na sisi wote tulikitazama kichwa chake kilichoinama.

Kisha bibi akaanza kuwataja waliozaliwa ndani ya boma hilo, mmoja mmoja, na waliozikwa hapo. Alipokuwa akitaja hao, lori likapiga honi nje, ndefu, ya yule dereva asiye na haya. Nilisogeza maikrofoni hadi ikakaribia kugusa mdomo wake. Nadhani lilipotea jina moja. Mkalimani alisita, akatazama pembeni, kisha akaendelea na jina lililofuata.

Ningepaswa kusema. Ilikuwa rahisi: samahani, Mheshimiwa, arudie. Lakini sikuwa mtu katika mahakama ile, nilikuwa mkono tu, na niliogopa kwamba nikivunja uzi wa maneno yake hautafungika tena.

Jaji akasema ushahidi umepokelewa. Akasema ataagiza watu waende kwenye ardhi hiyo kuutazama udongo kabla ya kuamua chochote, na akataja tarehe ya mbali. Wakili wa Kajiado alipumua hadi tukasikia kwenye spika. Skrini ikafungwa.

Sikuweza kukunjua mkono. Mjukuu ndiye aliyeitoa maikrofoni vidoleni mwangu. Yule mwenye wasifu, ambaye hakuwa ameondoka, akasema kwa sauti ya upole, "Sasa printa inaweza kurudi, ama iko na kesi pia?" Mwenye saiba akacheka, akairudisha kwenye umeme mwenyewe, katika soketi isiyo yake.

Bibi alikuwa akinitazama. Nilikuwa bado nimepiga goti, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa mahali panapofaa, akaweka kiganja tena. Safari hii alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Wamesikia?"

"Wamesikia, koko."

"Yote?"

Mimi ni mtu ambaye hawezi kusema kazi imekwisha. Hurudi kutoka nyumbani kwa ajili ya waya ya skana. Niliuona mdomo wa mkalimani ukisita, nikalisikia lori. Mkono wake ulikuwa mwepesi juu ya kichwa changu, na shanga zilikuwa zikilia kidogo, kwa sababu alikuwa akitetemeka. Sikuwa nimeliona hilo hapo awali. Kumbe naye aliogopa.

"Yote," nikasema.

Akaridhika, akainuka, wakaondoka kwa pikipiki, shuka likipepea, akiwa amekaa upande kama msichana. Tangu siku hiyo nimenunua kishikio cha mezani, na mtu akija kwa video namketisha yeye mwenyewe kwanza, na nguo zake zote, ndipo najaribu. Jambo lile lingine sijalipatia dawa. Watu watakwenda na jembe, labda wataona ule udongo mweusi, labda itatosha. Lakini nikifika nyumbani jioni na kuvua viatu, siku hizi siulizi tena kama waya ya skana imeingia. Najiuliza lile jina lilikuwa la nani, na kama alikuwa miongoni mwa waliozaliwa au waliozikwa.